Kong wa Qufu, Gong wa Osan: siku nane nyuma ya jina moja

Siku ya 1, Jinan kwenda Qufu

Nimetoka Jinan asubuhi na treni ya mwendokasi, nusu saa na kidogo tu tumefika stesheni ya Qufu Mashariki, afu basi mpaka kwenye ukuta wa mji mkongwe. Naandika haya nimekaa kitandani hosteli, miguu inawaka moto lakini sitaki nilale kabla sijaandika.

Safari hii nafuata jina moja la ukoo. Kong. Wakorea wanalitamka Gong, ila herufi ni ileile, 孔. Lilinishika tangu nasoma Kichina Mlimani, pale Taasisi ya Confucius, siku nilipojua kwamba "Confucius", jina la yule mwanafalsafa wa kale wa China, ni Kilatini walichotengeneza mapadri Wajesuiti kutoka Kong Fuzi, maana yake Mwalimu Kong, kwa hiyo jina lililozunguka dunia nzima mpaka likabandikwa kwenye jengo Dar es Salaam ni jina la ukoo wa watu wa kamji haka kaliko mbele yangu. Na mi ni Mluguru wa Mgeta. Kwetu ukoo unafuata mama, mtoto ni wa kwao mama yake na shamba linapita hukohuko, sasa watu waliohesabiana baba kwa mwana vizazi themanini nilitaka niwaone kwa macho na nijue wamewezaje.

Leo nimeshinda kwenye Hekalu la Kong. Watu wengi wanakimbilia jengo kuu lenye nguzo za mawe zilizochongwa madragoni, na ni nzuri kweli, zile kumi za mbele unaweza kukaa saa nzima unafuata mkia mmoja unavyozunguka mawinguni. Mi nikajikuta nimesimama mbele ya jiwe la maandishi nafuatisha herufi ya jina kwa kidole hewani. Kushoto ni 子, mtoto. Kulia kuna kamkunjo kama ndoano. Kamusi ya kale ya Wachina, ile iliyokamilika mwaka 100, inasema hako kamkunjo ni mbayuwayu, ndege anayekuja majira watu wanapoomba watoto. Wengine waliochunguza maandishi ya vyombo vya shaba vya zamani zaidi wanasema hapana, hilo ni titi na mtoto ananyonya, na ukienda kuitazama herufi ya maziwa, 乳, unakuta mkunjo uleule upande uleule. Yaani jina ambalo limepita kwa wanaume tu, limeandikwa mtoto na titi!

Chimbuko lenyewe liko hivi. Akina Kong wanatoka kwa wafalme wa Shang, ambao jina lao lilikuwa Zi, ileile herufi ya mtoto. Na hao Shang wakisimulia walikotoka hawaanzi na baba, wanaanza na Jiandi, bibi aliyemeza yai la ndege mweusi akapata mimba ya babu yao. Shang walipoangushwa, tawi moja likapewa nchi ya Song kutawala, na humo akatokea mkubwa mmoja wa serikali, Kongfu Jia. Jia ni jina lake, Kongfu ni jina la heshima analoitwa mtu akishakua. Mwaka 710 KK akauawa, na kisa kimeandikwa kwenye vitabu vyao vya historia ya kale bila kuficha: waziri mwenzake Hua Du alimwona mke wa Kongfu njiani, akamtazama anavyokuja, akamsindikiza kwa macho anavyokwenda, akasema huyu mwanamke ni mzuri wa kung'aa. Baadae akamuua mume na akamchukua mke. Wazao wa Kongfu wakachukua ile Kong ikawa jina la ukoo, na mwishowe wakahamia nchi ya Lu, ndo huku Qufu.

Jina la yule mama halikuandikwa. Tunajua alitazamwaje njiani, basi. Nimetoka hekaluni na hilo kichwani.

Jioni nimekula tofu ya moshi ya mtaani, wanaichoma mpaka ganda la nje linakuwa la kahawia afu wanaitumbukiza kwenye mchuzi wa pilipili. Tamu sana.

Siku ya 2, Qufu, nyumba ya ukoo

Kong Fu, nyumba waliyokaa wakuu wa ukoo. Sio nyumba jamani, ni mtaa mzima, ua baada ya ua. Mkuu wa ukoo alikuwa na cheo cha kurithi, Yansheng Gong (hiyo gong ni herufi nyingine, ya ubwana, sio jina la ukoo), kilichoanza mwaka 1055 na kikaendelea mpaka 1935, wafalme wanapinduana, Wamongolia wanaingia, Wamanchu wanaingia, wao wapo tu, mtoto anarithi. Sijui nyumba nyingine ya aina hiyo popote.

Kitu kilichonikalisha chini kiko kwenye lango la ndani, lile la kuingilia upande wa wanawake. Ukutani pembeni ya mlango kuna kihori cha jiwe kimetokeza, kama mfereji mfupi wa kumwagia maji. Mchota maji alikuwa haruhusiwi kuvuka lile lango, alikuja na ndoo zake, akamwaga kwenye kihori, maji yakapita ndani ya ukuta yakatokea upande wa pili ambako wajakazi wanakinga. Nimeingiza mkono. Jiwe limelika kwa ndani, laini kabisa kama jiwe la kusagia la bibi. Yaani hata maji yalipimiwa njia ya kuwafikia wanawake wa nyumba hii.

Na ndani ya lango hilohilo ndiko alikozaliwa mtu wa mwisho kushika cheo. Kong Lingyi, kizazi cha 76, alifariki mwaka 1919 akiwa hana mtoto wa kiume, mke mdogo ana mimba. Februari 1920 uchungu umeshika, askari wamezunguka nyumba nzima ili mtoto asije akabadilishwa, ukoo mzima unasubiri kujua ni wa kiume au wa kike. Akatoka wa kiume, Kong Decheng, kizazi cha 77. Siku 17 baadae mama yake akafariki. Alipozaliwa tu mtoto alikuwa na cheo kinachomngoja, na mwaka 1949 alienda Taiwan, akaishi hukohuko mpaka alipofariki 2008. Mjini wote wanalijua jina la Decheng. Mama aliitwa Wang Baocui, nimeliandika hapa ili lisomeke na Kiswahili pia.

Usiku nimekaa jikoni na mama mwenye hosteli. Yeye mwenyewe ni Kong! Qufu karibu mtu mmoja kati ya watano ni Kong, kwa hiyo sio ajabu, ila mi nilikuwa sijamuuliza. Akanifundisha kitu ambacho vitabuni kinachosha lakini yeye alikisema kama wimbo. Kila kizazi kina herufi yake ya kuweka katikati ya jina, na herufi hizo zimepangwa kama shairi, zingine zilitolewa enzi za Ming, zingine za Qing, na ishirini za mwisho akaziongeza huyohuyo Kong Lingyi kabla hajafa, zinafika mpaka kizazi cha 105. Ling ni wa 76, De wa 77, Wei wa 78, Chui wa 79, You wa 80. Ukimwona mtu akakutajia jina unajua hapohapo ni baba yako mdogo au mjukuu wako. Yeye ni Ling. Sokoni kuna mzee wa miaka sabini anamwita bibi.

Nikamuuliza, mama, na wewe umo kitabuni? Akafuta mikono, akaketi. Akasema kitabu cha ukoo kilichotangulia, cha 1937, kilikuwa na watu laki tano na sitini elfu hivi na wasichana hawamo. Kipya walianza kukiandaa 1998 na kikatoka Septemba 2009, majuzuu 80, watu zaidi ya milioni mbili, na hiki ndo cha kwanza kuandika wanawake. Mimi nimo, akasema, na dada zangu wamo. Mama yake mzazi alishakufa wakati huo. Akanyamaza kidogo afu akaanza kunisimulia jinsi mama yake alivyokuwa anapika chapati nyembamba za vitunguu, hatukurudi tena kwenye kitabu.

Siku ya 3, Kong Lin, msitu wa makaburi

Nimekodi bajaji ya umeme. Dereva ni mtu wa ukoo wa Zhang, na akaniambia mapema kabisa kwamba bila Zhang hapa pasingekuwa na Kong hata mmoja. Hakuwa anatania. Nimeandika alivyosimulia na nimelinganisha na nilivyokuwa nasoma, vinaenda sawa.

Mwaka 913, enzi za vurugu, nchi haina mwenyewe. Kulikuwa na mtu wa nyumba, babu zake walikuwa watumishi wa kufagia hekalu na walipewa jina la Kong kwa kuwa ni watu wa nyumba. Anaitwa Kong Mo. Akaamua kuwa mkuu wa ukoo. Akamuua Kong Guangsi, kizazi cha 42, akawa anatafuta mtoto wake, Renyu, aliyekuwa na miezi tisa tu. Mtoto alikuwa amepelekwa kwa akina Zhang. Na inasimuliwa kwamba wauaji walipofika, mama wa nyumba ile alimvisha mwanae wa kumzaa nguo za Renyu akamtoa. Wakamuua yule wakaondoka. Renyu akakulia pale kama Zhang, akasoma, na mwaka 930 mfalme akaambiwa ukweli, Kong Mo akauawa, cheo kikarudi. Hao vizazi vyote vya 44, 54, 76, wa hapa Qufu wanatoka kwa yule mtoto mmoja, ndo maana wanamwita babu wa kufufuka kwa ukoo.

Dereva anasema kwao mpaka leo akina Kong wanawaheshimu akina Zhang kama wajomba, na bibi mkubwa wa Zhang alikuwa na fimbo ya kumchapa hata Yansheng Gong mwenyewe akikosea. Nikamuuliza yule mtoto aliyeuawa aliitwaje. Akapunguza mwendo. Akasema hakuna anayejua.

Msitu wenyewe una hekta 200 hivi na makaburi zaidi ya laki moja, na wanazika mpaka leo. Ni kimya. Miti mingine imelala juu ya makaburi, majani ya oktoba yanaanguka moja moja, unapita katikati ya vilima vya udongo vidogo vidogo ambavyo kila kimoja ni mtu na kila mtu ana namba ya kizazi. Kaburi la Confucius lina jiwe la mwaka 1443, na ukilisogelea unaona mishono. Novemba 1966 Walinzi Wekundu, wale vijana wa Mao wa Mapinduzi ya Utamaduni, walitoka Beijing wakalivunja vipandevipande, wakafukua na makaburi mengine, na baadae mafundi wakalikusanya na kuliunga. Mipasuko inapita katikati ya herufi kama makovu. Nimepiga picha moja ya karibu, moja tu, nimeona inatosha. Pembeni yake kazikwa mwana na mbele yake mjukuu, watu wa hapa wanasema mzee kamshika mwana mkono na mjukuu kambeba kifuani. Mke wake hata simwoni akitajwa kwenye kile kibao cha watalii.

Kurudi nyuma tukapita tao la mawe la Mama Yu, mke wa mkuu wa kizazi cha 72. Inasimuliwa alikuwa binti wa mfalme Qianlong, Mmanchu, na Wamanchu hawakuruhusiwa kuolewa na Wahan, yaani Wachina walio wengi, basi akapewa kwanza waziri mmoja wa jina la Yu amfanye binti yake, akabadilishwa jina ndo akaingia ukoo huu. Kweli au hadithi, Qufu wote wanaisimulia hivyohivyo.

Siku ya 4, Nishan

Hii ndo siku niliyoijia.

Asubuhi kilima cha Nishan, kusini mashariki ya mji, ambako sasa kuna sanamu ya Confucius ya mita 72 unaiona ukiwa bado mbali sana barabarani. Nimeipita haraka. Nilichotaka ni kapango kalikoko chini ya kilima, kadogo, giza, kana ubaridi wa kisimani. Baba yake, Shuliang He, alikuwa askari shujaa, mtu mzima sana tayari, mke wa kwanza kamzalia mabinti tisa, mke mwingine kamzalia mvulana mlemavu wa miguu. Akaoa msichana, Yan Zhengzai. Wakaja kuomba kwenye kilima hiki. Mtoto akazaliwa mwaka 551 KK. Wenyeji wanasimulia kwamba kalikuwa kabaya kakatupwa hapa pangoni, chui milia jike akaja akakanyonyesha na tai akakapepea kwa bawa. Mtoto na titi tena.

Wale mabinti tisa nimejaribu kuwatafuta siku zote hizi. Tisa! Wana mdogo wao ambaye jina lake limefika Mlimani na wao hakuna hata mmoja aliyeandikwa.

Baba akafa mtoto ana miaka mitatu. Mama Zhengzai akahamia mjini na mwanae, akamlea peke yake, na hakumwambia baba kazikwa wapi. Baadae mama naye akafa. Na hapa ndo pa kusimama: mtu ambaye leo ana kitabu cha ukoo chenye watu milioni mbili, siku ya kumzika mama yake hakujua kaburi la baba yake liko wapi. Alitaka awazike pamoja. Akaliweka jeneza njia panda, mahali panaitwa Wufu, watu wanapita wanaangalia, mpaka akatokea mwanamke mmoja wa Zou, mama yake na mbeba jeneza, akamwambia. Nenda mlima Fang. Ndo akawazika pamoja.

Huyo mwanamke naye wamemwandika hivyohivyo tu, mama wa fulani. Lakini ndo yeye aliyelishika fundo la kwanza la kamba nzima hii. Nimekuwa nahesabu toka juzi, bibi wa yai la ndege, mke wa Kongfu, mama wa njia panda, mama Zhang na mwanae, Wang Baocui, kila mahali kamba ilipotaka kukatika kuna mkono wa mwanamke umeshika, na kitabu kinaruka kinaenda kwa mwanaume anayefuata. Kwetu Mgeta ningeambiwa wa nani, ningetaja mama, bibi, mama yake bibi. Wanaume ndo wangekuwa pembeni. Sisemi letu ni bora, baba zetu nao wana haki ya kutajwa. Nasema hawa wanawake waliifanya kazi na nataka watajwe.

Mchana nimeenda mlima Fang kwenyewe, njiani kurudi mjini. Hakuna foleni, hakuna mwongozaji na bendera, ni miti na mkulima mmoja anaanika mahindi barabarani. Kaburi la wazazi wawili pamoja, kilima kimoja, na la kaka mlemavu karibu. Nimekaa pale karibu saa nzima. Nimesema shikamoo mama kwa Kiswahili maana sikuona nitasema nini kingine.

Siku ya 5, Qufu kwenda Qingdao

Treni, begi, kuangalia viza ya Korea mara tano kwenye begi. Mama wa hosteli kanipa chapati zake nyembamba na kitunguu kizima cha majani nimezila njia nzima. Qingdao kuna upepo. Kesho meli.

Siku ya 6, baharini

Feri ya usiku kwenda Incheon, wengi humu ni wafanyabiashara Wachina na Wakorea wenye mizigo, wanajuana, wanapigana mabega, wanacheza karata sakafuni. Bahari ya Njano haijachafuka sana ila mi nilikaa nje mpaka baridi ikanishinda.

Nimekaa nje nikimfikiria binti mmoja. Jina lake la cheo kwa Kikorea ni Noguk, binti wa kifalme wa Wamongolia waliokuwa wanatawala China wakati ule. Aliolewa na mwanamfalme wa Korea, nchi ikiitwa Goryeo, aliyekuwa ameshikiliwa Beijing ya wakati ule kama dhamana. Mwaka 1351 mume akapewa ufalme, akaitwa Gongmin, wakarudi Korea pamoja. Na katika msafara wa binti huyu alikuwemo Kong mmoja wa kizazi cha 54. Huyo ndo alileta jina Korea. Hakuja na jeshi, hakuja kuuza hariri, alikuja nyuma ya bibi harusi.

Kufika kule hata jina lake binafsi likabidi libadilike kidogo, herufi aliyokuwa nayo ilikuwa jina la mfalme mmoja wa zamani wa Goryeo, ni mwiko kuliandika, akachukua nyingine inayotamkwa sawa, So. Gong So. Akapanda vyeo, akapewa ubwana wa Hoewon, ndo Changwon ya leo kule kusini, na wazao wake wakawa wanajiita Gong wa Changwon. Kwa Wakorea jina la ukoo halitoshi, lazima useme na chimbuko, Kim wa wapi, Lee wa wapi. Miaka mia nne na zaidi wakawa wa Changwon, mpaka mwaka 1794 mfalme Jeongjo akaamuru wajiite wa Gokbu. Gokbu ni Qufu hiyohiyo kwa matamshi ya Kikorea. Akawarudisha kwao kwa kalamu.

Na Noguk? Alifariki mwaka 1365 akijifungua. Hakuacha mtoto. Mfalme alilia mpaka utawala ukamshinda, na wamezikwa vilima viwili pamoja karibu na Kaesong, Korea Kaskazini, siwezi kufika. Yeye hana ukoo unaomtaja kama bibi, ila watu zaidi ya elfu sabini ambao sensa ya Korea ya mwaka 2000 iliwahesabu kama Gong wa Gokbu wako pale kwa sababu ya harusi yake.

Siku ya 7, Incheon na Seoul

Nimefika, nimelala kidogo, mchana Sungkyunkwan, chuo cha kale cha wasomi, kipo Seoul tangu 1398. Hawana sanamu ya Confucius, wana kibao cha jina tu, na mara mbili kwa mwaka wanamfanyia ibada. Uani kuna miti mikubwa ya ginkgo, ya manjano yote sasa hivi, mpaka ardhi inang'aa. Inahusu jina pia kwa mlango wa nyuma: Qufu wanaonyesha mahali Mwalimu alipofundishia, panaitwa Jukwaa la Mti wa Xing, na Wachina wanaisoma xing kama aprikoti, ila herufi hiyohiyo inaweza kuwa ginkgo, na Wakorea wakapanda ginkgo kwenye shule zao za Confucius. Mi nimeupenda uamuzi wao.

Dada wa mapokezi hapa nilipofikia kaniuliza nafanya nini Korea, nikamwambia nafuata jina la Gong, akaruka, kama Gong Yoo! Yule mwigizaji. Na jamani sikuwa najua kwamba jina lake la kisanii kaliunga mwenyewe, Gong ni ukoo wa baba yake na Yoo ni ukoo wa mama yake. Nimelala na furaha.

Siku ya 8, Osan

Treni ya Line 1 kuelekea kusini, afu basi. Hekalu linaitwa Gwollisa. Gwolli ndo mtaa aliokaa Confucius kule Qufu, Queli, nilipita juzi, hapa wameleta jina tu na kijiji kikaitwa hivyo.

Ni padogo na pamepangika, ukilinganisha na Qufu ni kama ua wa nyumba ya mtu. Karne ya 16 alikaa hapa msomi Gong Seorin, wa ukoo uleule. Alitoka serikalini, akafungua shule, akapanda ginkgo, na akatundika ngoma kwenye tawi, wanafunzi wakilegea anaipiga. Alifariki 1541 na inasimuliwa mti nao ukakauka. Miaka mia mbili na nusu baadae mfalme Jeongjo, yuleyule wa kalamu, akaambiwa mti umechipua tena na ndege wanajaa, akaamuru hekalu lijengwe, 1792. Likafungwa 1871 serikali ilipofunga mahekalu mengi, likajengwa upya 1900. Mti upo. Nimeushika. Gome lake lina mabonge kama magoti ya mzee.

Kwenye benchi chini ya mti alikuwa ameketi mzee mmoja, koti la kijivu, kofia, fimbo. Nikamwinamia kwa mikono miwili kama wanavyofanya. Kichina hajui, Kikorea changu ni cha kuombea maji tu, ila nilipotoa daftari nikaandika 孔, akalichukua, akaweka kidole juu ya herufi afu akakiweka kifuani kwake. Gong, akasema. Kong, nikasema. Akatikisa kichwa kukubali. Kumbe wazee wa umri wake wanajua herufi za Kichina, basi tukaongea kwa kuandika, zaidi ya saa nzima, daftari linaenda na kurudi, upepo unaangushia majani ya manjano juu ya kurasa na yeye anayatoa taratibu kwa ncha ya kalamu.

Akaandika kizazi chake, 77. Nikaandika nimetoka Qufu. Akauliza, kaburi umeliona? Nikamwonyesha ile picha moja. Hajawahi kufika. Akaikuza kwa vidole viwili, akaifuata mipasuko mmoja mmoja kutoka juu mpaka chini, kimya, mpaka simu ikazima mwanga nikaiwasha tena. Akaandika: nani aliunga? Nikaandika: mafundi. Akaandika: vizuri.

Nikamwuliza kuhusu mama. Nilitaka kusema mengi, Zhengzai, mama wa njia panda, Zhang, Noguk, ila herufi zangu sio nyingi hivyo, nikaandika 母, mama, nikaandika 女, binti, nikachora kitabu na alama ya kuuliza. Akaelewa. Akaandika kwamba kwenye kitabu cha ukoo cha kwao, kile alichorithi kwa baba yake, binti haandikwi jina, linaandikwa jina la mume wake, mkwe wa fulani. Najua kwamba mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Korea Kusini iliamua mabinti nao ni wanachama kamili wa ukoo, nikaandika mwaka tu, 2005. Akausoma, akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa na habari.

Akakaa na daftari magotini. Kisha akavaa miwani ambayo muda wote alikuwa hajaivaa, akageuza ukurasa mpya, na akaanza kuandika polepole sana, mstari juu, mstari kati, mstari chini, akiinua kalamu kila baada ya herufi. Majina matatu. Yote yanaanza na 孔. Ya pili alipoiandika akacheka kidogo peke yake. Akaniwekea kidole kwenye ya kwanza akaisoma, nikairudia, akatikisa kichwa hapana, akaisoma tena, nikairudia, na tulienda hivyo jina moja moja mpaka aliporidhika na ninavyowaita.